Pini ya Behewa la Nne

Behewa la mwisho lilikuwa linatoka mlangoni mwa karakana, na Mama Waziri wa nchi ya Jirani alikuwa bado anapunga mkono dirishani, pale fundi Jeki alipougeukia ubao wa pini na kuiona ya saba inaning'inia.

Hakushtuka papo hapo. Mtu wa miaka hamsini na minane huanza kwa kulaumu macho. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la ovaroli, akaivaa tena. Pini ilikuwa palepale, nene kama mkono wa mtoto, imepakwa grisi mpya, namba saba imegongwa kichwani. Kulabu nyingine kumi na tano zilikuwa tupu, kama inavyotakiwa treni ikishaondoka.

Nje bendi ya shule ilikuwa inamalizia wimbo wa taifa wa kwa Jirani, ambao una beti mbili zaidi ya wetu, na siku hizi hakuna anayethubutu kuzikata.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Reli za nchi ya Jeki ni nyembamba, zilitandazwa na watu waliokuwa na haraka ya kuchukua na kuondoka. Reli za Jirani ni pana. Treni ya kule haiwezi kutembea huku, wala ya huku kule, kama kiatu cha baba kisivyomfaa mtoto. Basi hapo mpakani ilijengwa karakana ndefu, na katikati ya sakafu ukapakwa mstari wa njano: huku sisi, kule wao. Behewa likifika linanyanyuliwa kwa jeki nne, abiria wakiwa ndani wanakunywa chai yao. Vigari vyenye magurudumu mapana vinasukumwa nje, vyenye magurudumu membamba vinaingizwa, behewa linashushwa, na kila kigari kinafungwa kwa pini moja kubwa. Behewa moja, vigari viwili, pini mbili. Bila pini, behewa linakaa juu ya kigari kwa uzito wake tu, kama chungu juu ya mafiga. Kwenye tambarare litakwenda. Kwenye mlima litapanda. Ni kwenye mteremko, dereva akishika breki na kona ikaja, ndipo behewa linapoweza kusema kwaheri kwa magurudumu yake.

Na kwa kuwa nchi hizi mbili hazijawahi kuaminiana sana, wazee wa kwanza wa karakana waliweka sharti: pini haijaingia mpaka ionwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, na waseme kwa sauti. Fundi wa huku anapiga kelele, "Nimeona!" Wa kule anajibu, "Na mimi nimeona!" Miaka ishirini na tatu Jeki na mwenzake wa kule waliimba hivyo, pini kwa pini, treni kwa treni, mpaka ikawa kama kupumua. Hata nyumbani Jeki akikomea mlango hujikuta anasema, "Nimeona," na mkewe kutoka jikoni anaitika bila kufikiri.

Asubuhi hiyo Mkuu wa Stesheni alikuwa amewakusanya.

"Leo hakuna kupiga makelele kama wauza samaki," alisema. "Ndani ya treni kuna mawaziri wa nchi mbili wanasoma makaratasi. Mkimaliza pini, dole gumba juu. Basi. Mnaelewa?"

Wakaelewa. Na kwenye behewa la nne Jeki aliona dole gumba la mwenzake, akadhani linasema *nimeona*, kwamba fundi mwingine wa huku ameshaiingiza pini, naye akainua lake. Mwenzake alikuwa anauliza, *umeona?* Alipoona la Jeki akaridhika. Kila mmoja akamwachia mwenzake, na pini ikabaki ukutani.

Uzito wa jambo lenyewe ulikuwa huu. Mawaziri walibeba mapendekezo mawili. La kwanza lilisema karakana ibaki, iletewe jeki mpya za umeme, ifanye kazi miaka ishirini mingine. La pili lilisema Jirani atandaze reli zake pana moja kwa moja mpaka bandarini kwetu, stesheni zote zikae mikononi mwake miaka hamsini, na karakana ifungwe. Mkuu wa Stesheni alikuwa amesikia kwamba Mama Waziri hajaamua. Atachagua kwa macho yake, akiona kazi inavyokwenda.

Kwa mafundi wengine ilikuwa suala la mshahara. Kwa Jeki ilikuwa suala la miguu. Maisha yake yote miguu ilikuwa inamwasha. Alifanya kazi kwenye mgodi, akaondoka. Akawa mpakaji grisi melini, akaondoka. Alichimba visima, akaendesha mashine ya kuchambua pamba, akalala kwenye vyumba vya kupanga visivyo na idadi, na hakuna hata kimoja alichokaa mpaka akajua rangi ya milango ya majirani. Hapa mpakani alikuja kwa miezi mitatu. Akakuta kazi ambayo watu husafiri na yeye hubaki. Sijui alijidanganya vipi, lakini ilikuwa kama treni zile zilisafiri kwa niaba yake, na miguu ikanyamaza. Akaoa dada wa mwenzake huyo wa ng'ambo ya mstari. Akapata binti. Karakana ikifungwa, alijua atakachofanya, na alijiogopa kwa hilo kuliko alivyomwogopa waziri yeyote.

"Shemeji!" aliita. "Shemeji, hebu njoo hapa. Njoo usimkimbilie mpiga picha."

Shemeji alivuka mstari wa njano huku akifunga kifungo cha koti. Watu wote pale, wa huku na wa kule, walimwita Shemeji, hata wasiomhusu. Zamani, kwa Jirani kulipokuwa na njaa, alikuja kazini na kandambili, na Jeki ndiye aliyempa buti zake za kwanza. Sasa kwa Jirani kuna viwanda, taa za usiku kucha na barabara zisizo na shimo, pesa yao ndiyo inayotakiwa sokoni kwetu, na Shemeji alivaa suti chini ya ovaroli, apate kuivua ovaroli upesi wageni wakija.

"Kuna nini? Nilikuwa nakaribia kupigwa picha na balozi."

Jeki alionyesha ubao kwa kidevu.

Shemeji alitazama. Akahesabu kulabu kwa midomo. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kama kwamba pini itaona haya ihame.

"Umeitundika wewe?"

"Sikuitundika. Haijatoka hapo."

"Behewa la nne."

"La nne. Kigari cha mbele."

"Hilo ndilo lenye..."

"Hilo ndilo lenye mawaziri, wako na wangu, na waandishi wa habari, na keki."

Shemeji aliketi juu ya pipa la grisi na suti yake. "Wewe ulinyoosha dole!"

"Na wewe ulinyoosha la kwako!"

"Mimi nilikuwa nakuuliza!"

"Dole gumba linaulizaje, Shemeji? Tangu lini dole likawa na alama ya kuuliza?"

Walitazamana. Siku nyingine wangecheka mpaka washikilie mbavu.

"Napiga simu kituo kikuu," Jeki alisema. "Treni isimame."

"Kaa chini kwanza. Ukipiga simu kituo kikuu unasikika miji mikuu yote miwili. Kesho gazeti: treni ya mawaziri yatoka karakana bila pini. Nani atabakiza karakana hii? Mimi nitashushwa cheo, sawa. Wewe je? Kwa upande wetu hilo litaitwa hujuma. Fundi wa nchi ndogo, hataki reli mpya, behewa la waziri halina pini. Hebu jiweke kwenye kiti cha mpelelezi, Shemeji. Ungeamini dole gumba?"

Jeki alivua tena miwani, akaifuta.

"Na binti yako anasoma udaktari wapi? Kwa ufadhili wa nani?"

"Usimwingize mtoto."

"Simwingizi mimi. Yumo."

"Kwa hiyo tufunike kombe mwanaharamu apite? Mle ndani kuna watu sitini."

"Sijasema tufunike. Nimesema tufikiri." Shemeji alisimama. Suti ilikuwa imechukua duara la grisi kwenye makalio, na Jeki hakuwa na moyo wa kumwambia. "Inasimama stesheni ndogo ya juu. Watoto wanaimba, mawaziri wanahutubia. Kwenye ratiba ni dakika arobaini na tano. Mteremko unaanza baada ya hapo. Mpaka kule juu hakuna hatari, ni mlima mtupu. Tukiifikia kabla haijaondoka, tunaingia chini, tunaipachika, tunatoka. Nani atajua?"

Jeki aliitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika ishirini na tano. Stesheni ndogo ilikuwa kilomita sita. Barabara ilikuwa imefungwa tangu alfajiri kwa ajili ya msafara. Kiberenge cha injini kilikuwa kimetangulia mbele ya treni kukagua njia. Kilichobaki ni kile cha zamani, cha kupampu kwa mkono, kinachotumiwa na wakata nyasi.

Alipanda ngazi kwa mkewe kwanza. Mkewe ndiye mtangazaji wa stesheni. Alikaa kwenye kichumba cha vioo juu ya karakana na kuwatangazia abiria kwa lugha mbili, ya kwao na ya mumewe, kwa sauti laini iliyofanya hata kuchelewa kuonekane heshima. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza, kisha akazima kipaza sauti, maana alijua atakachosema si cha umma.

"Nyie wawili mna akili za kuku."

"Najua."

"Kaka yangu kwa kuwa anataka picha. Wewe kwa kuwa unakubali kila kitu halafu unanung'unika."

"Nigombeze jioni. Saa tano na dakika kumi, kama hujasikia sauti yangu kwenye simu, piga kituo kikuu uisimamishe treni. Useme kila kitu. Liwalo na liwe."

"Mpaka dakika kumi? Kwa nini nisipige sasa hivi?"

Jeki aliangalia miguu yake. "Kwa sababu wakiifunga hapa, mimi sijui nitakuwa wapi."

Mkewe alimtazama kwa muda, akajua anachoambiwa, maana alikuwa ameishi na miguu ile miaka ishirini na miwili. Akachukua simu yake ya mkononi. "Yule mkuu wa stesheni ndogo mkewe ni rafiki yangu. Nitamwambia watoto waimbe tena. Ondoka. Na saa tano na dakika kumi si na kumi na moja!"

Kiberenge kile ni jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne, na katikati kuna mtaimbo mrefu kama wa bembea. Huyu akisukuma chini, yule anainuliwa. Waliiweka pini katikati ya miguu yao, wameifunga kwa gunia pamoja na nyundo ya mbao na mtaimbo mfupi, wakaanza kupampu, Jeki ametazama mbele na Shemeji ametazama walikotoka.

"Kaza!" Jeki alisema.

"Nakaza! Kwani wewe unafanya nini, unapungia mkono?"

"Nyie mmezoea vitufe."

"Na nyie mmezoea kulalamika."

Mlima ulianza taratibu, ule mlima usioonekana ila kwa mapaja. Nyasi zilizokatwa kwa ajili ya wageni zilikuwa zimelala pembeni bado mbichi. Kila baada ya nguzo kumi kulikuwa na bendera mbili, ya Jirani na yetu, na Jeki aligundua kwamba ya Jirani ilikuwa ya kitambaa kinene na yetu ya nailoni. Zote mbili, bila shaka, zilishonwa kwa Jirani.

"Shemeji, niambie kweli," alisema kati ya pumzi na pumzi. "Waziri wenu amekwishaamua?"

Shemeji alipampu mara nne, mara tano.

"Usinyamaze. Nasikia unavyonyamaza."

"Mimi mtu mdogo."

"Mtu mdogo mwenye suti."

"Wamenipa barua," Shemeji alisema mwishowe. "Tangu mwezi uliopita. Nitakuwa mkaguzi wa njia nzima mpya, mpaka bandarini kwenu. Nyumba ya vyumba vinne. Haijasema *ikiwa*. Imesema *itakapokamilika*."

Mtaimbo ulishuka upande wa Jeki na haukupanda. Kiberenge kilipunguza mwendo.

"Pampu," Shemeji alisema.

"Kwa hiyo maonyesho ya leo ya nini? Tulipaka rangi mpaka ndoo za mchanga!"

"Ili wa kwenu waonekane wameulizwa. Pampu, nakuomba."

"Na wewe ulijua, ukala kwangu Jumapili."

"Ningekuambia nini? Kwamba mambo yameisha? Barua ni karatasi, karatasi hubadilika. Nilifikiri kazi ikienda vizuri leo, labda yule mama atatazama, atasema, hawa wanajua kazi, tuwaache. Mimi pia nimezeeka pale, Shemeji. Unadhani nataka nyumba ya vyumba vinne ya mtu mmoja?" Shemeji hakuwa na mke; alikuwa na dada tu, na shemeji. "Pampu basi, watu watakufa."

Jeki alipampu. Hasira ina nguvu kuliko chakula. Kilomita mbili za mwisho walizipanda kwa kasi kuliko zile za mwanzo. Kona moja kabla ya stesheni walisikia watoto wanaimba. Walikuwa wameishiwa sauti, kama waliokwisha kuambiwa warudie mara ya nne.

Ilikuwa saa tano na dakika saba. Treni ilikuwa imesimama, inapumua. Jeki alipiga simu akiwa bado anahema.

"Tumeifikia. Usipige."

"Imeingia?"

"Bado."

"Basi usiniambie nisipige mpaka iingie," mkewe akasema, na akakata.

Waliacha kiberenge nyuma ya behewa la mwisho, wakatembea upande wa pili wa treni, usio na jukwaa. Askari wa kwa Jirani aliyesimama pale aliinua mkono kumzuia Jeki, kisha akaona kadi ya Shemeji, akapiga saluti.

"Ukaguzi wa kawaida," Shemeji alimwambia. "Huyu yuko pamoja nami."

*Huyu yuko pamoja nami.* Kwenye nchi yake mwenyewe. Jeki alipita kichwa kimeinama, gunia mkononi, kama mwizi anayerudisha alichoiba.

Aliingia chini ya behewa la nne, akalala chali juu ya kokoto. Shemeji aliingia kwa upande wa mbele, suti na kila kitu. Tundu la pini lilikuwa wazi, linamtazama Jeki kama jicho. Aliona kwa macho yake jinsi bamba la juu lilivyokuwa limeteleza upana wa kidole. Kidole kimoja, kwa mlima tu. Akafikiria mteremko, akaitoa pini guniani.

"Sukuma bamba," alinong'ona. Shemeji aliweka mtaimbo mfupi, akasukuma kwa bega. Bamba likarudi likilia. Jeki aliingiza pini, akaigonga kwa nyundo ya mbao, mara moja, mara mbili, akaizungusha robo duara mpaka ikaingia kwenye kufuli lake na kutoa ule mlio ambao angeujua hata usingizini.

Na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Nimeonaaa!"

Haikuwa akili. Ilikuwa miaka ishirini na tatu. Na Shemeji, mtu aliyepigania siri hii kilomita sita nzima, alijibu kutoka upande wa pili kwa sauti ya juu, ndefu, ya fahari:

"Na mimi nimeonaaa!"

Watoto walikuwa wamekwisha kumaliza kuimba. Waziri wetu alikuwa amesita katika hotuba ili avute pumzi. Sauti mbili zilitoka chini ya behewa kama za watu walio kisimani, zikatawanyika juu ya viti vyote vya wageni.

"Umefanya nini?" Shemeji alinong'ona.

"Na wewe umefanya nini?"

Simu ya Jeki ilianza kulia mfukoni; alikuwa mkewe. "Imeingia," akamwambia tu.

Waliburutwa wakatoka, wakasimamishwa jukwaani mbele ya zulia, wameloa grisi. Mama Waziri alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kawaida na viatu vya kutembelea. Kwa karibu alionekana kama mwalimu wa hesabu. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa lugha yake, taratibu, huku mkalimani akimfuata kwa nyuma.

"Mmeona nini?"

Jeki aliielewa lugha ile. Alilala na kuamka nayo. Lakini kuielewa na kuisema mbele ya mawaziri ni vitu viwili. Alianza kuyatafuta maneno: pini, kosa, langu. Alikuwa ameamua. Tangu kule mtaimboni alikuwa ameamua kwamba akiulizwa atasema, maana kama karakana imekwishauzwa hakuna tena cha kufichia uongo, na alitaka angalau aondoke akiwa mtu aliyesema.

Shemeji alimtangulia.

"Pini ya behewa la nne haikuingizwa karakanani, Mheshimiwa," alisema kwa haraka, kwa lugha yao, mikono imenyooka ubavuni. "Ilikuwa zamu yangu. Kosa ni la upande wetu. Huyu fundi wa upande wa pili ndiye aliyegundua, akasisitiza tuifuate. Mimi nilitaka kunyamaza."

Mama Waziri alimtazama kwa muda. Akatazama grisi kwenye suti. "Sasa imeingia?"

"Imeingia, Mheshimiwa. Imeonwa na watu wawili."

"Si kweli," Jeki alisema, kwa lugha yake mwenyewe, kwa kuwa ile nyingine ilimkimbia. "Si zamu yake. Pini huingizwa na sisi, wao wanatazama tu. Ni kosa langu. Langu mimi."

Mkalimani alikuwa amekwishafunga daftari. Waziri wetu alimkazia Jeki macho ya *nyamaza wewe*, akacheka kicheko cha wageni, akasema jambo kuhusu ushirikiano na udugu wa mafundi. Watu wakapiga makofi. Mama Waziri alimpa Jeki mkono, grisi na yote, akamshukuru kwa neno moja la lugha yetu alilokuwa amefundishwa njiani. Kisha akageuka kwa msaidizi wake, na Jeki akasikia vizuri kabisa alichosema, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote: "Ndiyo maana lazima reli iwe moja."

Treni iliondoka ikiwa imechelewa dakika kumi na mbili. Ilishuka mteremko salama, na moshi wa breki ukaonekana mpaka bondeni.

Walirudi kwenye kiberenge. Kwenye mteremko hakuna haja ya kupampu. Walikaa kila mmoja upande wake, mtaimbo ukipanda na kushuka wenyewe.

"Nimekuokoa na jela," Shemeji alisema. "Wa kwetu wakikosea ni bahati mbaya. Nyie mkikosea ni njama. Ndivyo ilivyo. Angalau useme ahsante."

"Ahsante."

"Unasema kama umelazimishwa."

Jeki alitazama bendera zinavyopita, nene na nyembamba, nene na nyembamba.

"Mmechukua bandari," alisema. "Mmechukua stesheni. Soko limekuwa lenu, mwanangu mmemsomesha nyie. Sawa, mna nguvu, sisi hatuna, hata mimi ningechukua. Lakini lile kosa lilikuwa langu, Shemeji. Nililifanya kwa mkono wangu, nikalifuata kwa mkono wangu. Hata hilo?"

Shemeji alitoa kitambaa mfukoni akaanza kufuta grisi kwenye suti, na kadiri alivyofuta ndivyo ilivyoenea.

Mkataba ulitiwa saini alasiri ya siku ileile. Mama Waziri alihamishiwa wizara nyingine baada ya mwaka, kisha akastaafu. Daraja moja lilipewa jina la waziri wetu. Reli pana ilivuka mpaka baada ya miezi minane na bandarini baada ya miaka mitatu. Treni zinapita kwa kasi na mizigo imekuwa rahisi, hilo halikatazwi kusemwa.

Karakana ilifungwa. Jengo sasa ni ghala la simenti. Kati ya mafundi wengine kumi na wawili wa upande wetu, saba waliajiriwa na Jirani kufagia na kulinda njia, watatu walirudi kulima, mmoja alifungua gereji, mmoja alikufa kwa kifua. Mkuu wa Stesheni alilipwa kiinua mgongo akajenga nyumba ambayo haijaezekwa.

Shemeji alinyang'anywa ile barua. Alipelekwa kituo cha mbali kaskazini mwa nchi yao kukagua magurudumu ya malori, akakaa huko miaka minne, akaugua kisukari, akarudi kuishi kwa dada yake. Ufadhili wa binti haukuguswa. Alimaliza udaktari, akaolewa kwa Jirani, ana watoto wawili wanaoisema lugha ya babu yao kwa shida.

Mke wa Jeki alirekodiwa sauti siku mbili mfululizo, akalipwa mara moja, akaachishwa. Sauti yake bado inatangaza stesheni zote kumi na nne. Anaishi mpakani, anauza vifaa vya shule.

Jeki alikaa miezi mitano baada ya karakana kufungwa. Kisha aliondoka. Kwanza alikuwa kwenye kiwanda cha sukari, halafu kwenye kivuko cha mtoni, mara ya mwisho alionekana kwenye machimbo ya mawe, anatengeneza jeki. Hutuma pesa anapokuwa nazo. Huja mara mbili kwa mwaka, hukaa wiki moja, hugombana na Shemeji, huondoka.